Ritifaa Mbili

Mwenzetu mmoja alituma kwenye kundi letu la Telegram picha ya ujumbe mfupi ulioingia katika simu yake akiwa ndani ya daladala, akitoka Buhongwa kuelekea mjini. Ujumbe wenyewe haukuwa na jipya: hongera, umechaguliwa, mkopo wako uko tayari, hauhitaji dhamana, bonyeza hapa. Kilichomfanya autume kwetu ni kwamba ulimwita kwa majina yake matatu kamili, na lile la ukoo, ambalo kama majina mengi ya Usukumani lina Ng' ndani yake, lilikuwa limeandikwa kwa ritifaa, yaani ile alama ya ' , mbili zilizofuatana.

Utani ulianza papo hapo.

"Mtani, hiyo ritifaa ya pili wamekupa kama riba?" aliuliza Mzaramo mmoja aliyehamia Mwanza kikazi, ambaye hajawahi kumwacha Msukuma apite hivi hivi.

"Hiyo ndiyo dhamana," akajibu mwingine kutoka Musoma. "Akishindwa kulipa, wanamnyang'anya moja."

Mwenye jina naye alicheka, vicheko vikaendelea hadi usiku, kisha watu wakalala. Mimi sikupata usingizi mapema. Kundi lile ni la watu wanaokula kwa jasho la kanzidata, yaani hifadhi za taarifa ndani ya kompyuta: wasimamizi wa seva za hospitali, watunza mifumo ya vyama vya kuweka na kukopa, vijana wa halmashauri, wakandarasi wanaojitegemea. Sote tulikuwa tumeona alama ambayo kila mmoja wetu anaijua, na sote tulikuwa tumeicheka bila kuisoma.

## Alama inayosema ilikotoka

Kwa msomaji asiye wa kazi hii, maelezo ni mafupi. Katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo tunayotumia kuzungumza na kanzidata nyingi, maneno hufungiwa kati ya ritifaa mbili, moja mwanzoni na moja mwishoni. Jina lenye ritifaa katikati huifanya kanzidata idhani kwamba neno limekwisha, na kwa hiyo ritifaa hiyo ya ndani huandikwa mara mbili ili ieleweke kuwa ni sehemu ya jina. Kanzidata ikizipokea mbili, huhifadhi moja. Lakini programu ikiandikwa kwa haraka, ikaongeza ritifaa mahali ambapo kazi hiyo imeshafanywa na chombo kingine, zote mbili huingia katika jedwali na kukaa humo kwa miaka. Huku Kanda ya Ziwa jambo hili hatufundishwi na kitabu. Mfumo ulioletwa bila kujaribiwa kwa majina ya Kisukuma huanza kusumbua mara tu karani anapomwandikisha mtu mwenye Ng'w katika jina lake.

Mtu anayeandika kwa mkono angeweka ritifaa moja, au asingeweka kabisa.

Mbili hutoka kwenye jedwali.

Ujumbe ule, basi, ulikuwa umetoka katika orodha, orodha ilikuwa imetoka katika kanzidata, na kanzidata ina msimamizi. Msimamizi huyo ni mtu wa aina yetu, anayejua tunayoyajua, na huenda alikuwa miongoni mwa waliocheka usiku ule. Ndiyo maana nilikosa raha.

## Nilivyojaribu kujipinga

Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta namna ya kuivunja hoja yangu mwenyewe, kwa sababu kumshuku mwenzako ni jambo zito.

Jumbe nyingi za utapeli zinazoingia katika simu zetu hazihitaji orodha yoyote. Ile ya "hiyo hela itume kwenye namba hii" inaweza kutumwa kwa namba zinazofuatana, moja baada ya nyingine, na mtumaji hajui wala hajali anayepokea ni nani. Anachotegemea ni kwamba miongoni mwa maelfu hakosekani anayedaiwa hela na mtu siku hiyo. Na hata jina peke yake halithibitishi kitu, kwa sababu mtu yeyote akianza kutuma pesa kwa simu huoneshwa jina la mwenye namba kabla hajathibitisha. Tapeli mwenye subira anaweza kukusanya majina kwa njia hiyo bila kugusa faili la mtu.

Kwa hiyo nilimwomba mwenzetu ruhusa, nikaanza kumtumia pesa kidogo. Jina lililokuja lilikuwa la herufi kubwa tupu, bila ritifaa hata moja. Njia hiyo ikafungika.

Nikafikiria madaftari. Kwenye geti la ofisi nyingi unaandika jina, namba ya simu na unakotoka katika daftari lililo wazi, na anayekuja baada yako anasoma ukurasa mzima akiwa ameshika kalamu. Pale Mwaloni, wafanyabiashara wa dagaa wana madaftari ya wateja ambayo hupita mikono mingi kwa siku. Mambo hayo ni mabaya na yanastahili makala yake. Lakini daftari halina tabia ya kuongeza ritifaa.

Mwenzetu alipekua karatasi zake nyumbani akapata risiti ya taasisi moja ya huduma, ambayo sitaitaja kwa sababu risiti si hukumu. Jina lake lilikuwa limechapwa humo na zile ritifaa mbili, mahali palepale. Picha yake alinitumia mimi faragha, hakuiweka kundini.

"Kaka, naona hili tuliache," aliandika.

Nilimwelewa. Aliogopa kwamba aliyeujenga mfumo ule yumo kundini.

## Kwa nini tunataniana

Lazima niutetee utani wetu, maana wapo waliotaka kuubebesha lawama zisizo zake. Kazi ya kusimamia kanzidata ni ya upweke. Hakuna anayekupigia simu kukuambia kwamba leo mfumo umefanya kazi vizuri. Simu huja saa nane usiku, diski imejaa, foleni ya wagonjwa itaanza saa moja asubuhi, na uamuzi wa kufuta au kutofuta ni wako peke yako. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, akihangaika na tatizo usiku, alifuta saraka ya kanzidata kwenye seva isiyo sahihi. Aliposhtuka na kuisimamisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Njia walizozitegemea kwa nakala rudufu zikaonekana haziko sawa, data ya saa sita hivi ikapotea, na kampuni ikaamua kuonesha kazi ya uokoaji mubashara mtandaoni. Watu wa fani hii kutoka pande nyingi za dunia walituma maneno ya faraja na mizaha ya upole. Nadhani kila mmoja alijiona pale.

Kundi letu ni hivyo hivyo. Mtu aliyeandika DELETE, amri ya kufuta, akasahau WHERE, inayotaja kipi kifutwe, hata jedwali zima likafutika, ataitwa "afisa usafi" kwa mwezi mzima, na wanaomwita hivyo ni walewale waliokaa naye kwenye simu hadi alfajiri wakirudisha majedwali kutoka nakala rudufu. Kijana anayeanza kazi Ukerewe, ambaye katika ofisi nzima hana wa kumuuliza, hugundua kupitia mizaha hiyo kwamba tatizo lake limewahi kuwapata wakubwa na kwamba lina dawa. Bila hilo angelificha.

## Roboti iliyofuta tangazo la msiba

Jumbe taka zilifika hadi ndani ya kundi lenyewe. Zilikuja kwa akaunti zenye picha za wasichana na majina ya kigeni, zikitangaza faida za forex, sarafu za mtandaoni na kazi za kulipwa kila siku ukiwa nyumbani. Wasimamizi wa kundi waliweka roboti ya kufuta kila ujumbe wenye maneno fulani: hongera, mkopo, bonyeza, tuma kwenye namba hii. Ilifuta matangazo, na ilifuta pia sehemu kubwa ya utani wetu, kwa kuwa tunapenda kuwaigiza matapeli.

Hilo tulilivumilia. Kisha mwenzetu wa Geita akafiwa na mama yake. Tangazo la michango, ambalo lilimalizika kama yanavyomalizika yote, kwa kuomba watu watume kwenye namba ya mhazini na kutaja jina litakalokuja, lilifutwa sekunde ileile lilipowekwa. Wengi hawakujua kama kuna msiba. Mfiwa alikaa siku kadhaa akiamini kwamba tumemtenga, na hata alipoelezwa sababu, mimi niliona usoni kwake kwamba maelezo hayakutosha.

Mwaka 2002 Paul Graham alieleza jinsi chujio linalojifunza kutokana na barua za mpokeaji mwenyewe, likipima uwezekano wa kila neno, linavyoishinda orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Ni jambo linalojulikana kwetu, na bado tukaweka orodha ya maneno, kwa kuwa ndiyo rahisi. Kwa Kiswahili cha simu zetu tatizo ni kubwa zaidi, maana tapeli ameazima lugha ya mchango, ya harusi na ya msiba, akijua kwamba hatuwezi kuiacha. Maneno ni yaleyale. Kinachotofautisha ni nani anayeyasema, na sisi tunamjua mtu huyo kwa kutaniana naye mwaka mzima.

Baada ya hapo wengine walipendekeza kundi lifungwe, wasimamizi pekee waruhusiwe kuandika, na mizaha itafutiwe mahali pengine. Lilifungwa kwa muda. Likawa safi.

Hakuna aliyeuliza swali lolote la kazi.

## Orodha ya mwaka 1978

Wakati kundi likiwa kimya nilirudi kwenye mkasa ambao watu wa kompyuta huusimulia kama kichekesho cha historia. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC ya Marekani, alituma tangazo moja kwa watumiaji wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, wanaokaribia 400, na ndilo linalohesabiwa kuwa barua pepe taka ya kwanza. Safari hii niliusoma mkasa huo nikitafuta majina yalitoka wapi. Anwani zilichukuliwa kutoka kitabu kilichochapishwa cha watumiaji wa mtandao ule, kitabu kilichotengenezwa ili watu waweze kuwasiliana. Ziliingizwa moja moja kwa mkono, zikazidi nafasi iliyotengwa kwa wapokeaji, nyingine zikamwagikia ndani ya ujumbe wenyewe.

Tangazo lile la kwanza, kwa hiyo, lilisimama juu ya orodha iliyokusanywa kwa nia njema, ikaonwa na mtu mwenye bidhaa. Lawama zilimwendea mtumaji. Waliotunza orodha hawakuulizwa kitu, na kwa sehemu kubwa hadi leo hatuulizwi.

Sheria zetu zimeshavuka hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayetuma jumbe zisizoombwa, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa anayeshika orodha: taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, wala zisigeuzwe kuwa za kazi nyingine. Namba 15040 tuliyopewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili ya kuripoti matapeli naitumia na nawahimiza wengine waitumie. Lakini laini ikifungiwa leo, kesho tapeli ana nyingine, na orodha aliyonayo ni ileile ya jana.

## Kirumba

Tulikutana ana kwa ana Jumamosi moja, Kirumba, mahali panapouzwa sato wa kukaanga kwa ndizi, upepo wa ziwa ukipeperusha karatasi za mezani. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza kwa utaratibu, nianze na risiti bila kumtaja mtu, niende kwenye sheria, nimalizie na mapendekezo. Sikupata nafasi.

"Mtani," Mzaramo alimwambia mwenye jina mbele ya wote, "mimi nataka kujua tu walikuuza shilingi ngapi, ili na mimi nijue nina thamani gani."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema.

Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani anaweza kusema mbele ya jeneza kwamba marehemu alikuwa mbahili, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Na mtani huyohuyo ndiye utakayemkuta akichota maji na kupanga viti. Nilikuwa nimeuhesabu utani wa kundi letu kuwa ni mapumziko ya watu waliochoka, jambo la kulindwa kwa sababu linapendeza. Pale mezani niliona ukibeba swali ambalo mimi, kwa adabu na tahadhari zangu zote, nilikuwa nimezunguka nalo kwa wiki kadhaa bila kupata pa kulitua.

Mkubwa wetu kiumri, mzee aliyeanza kazi enzi za FoxPro, programu ya zamani ya kanzidata, ndiye aliyevunja ukimya. Alisema kwamba ofisini kwake bosi huomba majina ya wateja wote kwenye Excel, yatumwe kwa WhatsApp kabla ya saa sita mchana, kwa ajili ya kampeni ya jumbe fupi. Faili linakwenda kwa wakala wa kutuma jumbe, na baada ya kampeni hakuna anayelidai wala kulifuta. Mwingine akasema kanzidata yao ya majaribio imejazwa watu halisi, na kila mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anaondoka na nakala kwenye kompyuta yake mpakato, kwa kuwa ndiyo aliyofanyia kazi. Wa tatu alitaja flashi yenye nakala rudufu ya miaka mitatu inayokaa kwenye droo ya mapokezi.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuza kitu. Hilo lilinisumbua kuliko ningemkuta mwizi, kwa sababu mwizi hufukuzwa kazi na mambo yakaisha, lakini mazoea ya namna hii yana kibali cha ofisi, yana haraka ya bosi, na kila anayeyashiriki anaweza kusema kwa ukweli kwamba alitimiza alichoagizwa.

Mwishoni mtu mmoja, macho yake yakiwa kwenye sahani, alisema kwamba mfumo uliotoa risiti ile aliwahi kuurekebisha kwa mkataba mfupi na kwamba zile ritifaa alizikuta. Nilimwamini. Alijitolea kuwaandikia wenye mfumo, na mwenye jina akaomba wapewe nafasi ya kujibu kabla hatujafikiria kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jina ni lake, kwa hiyo tulimwachia uamuzi.

## Mtu asiyekuwepo

Pendekezo lililozua ubishi mkubwa mezani lilikuwa langu. Jina la mwenzetu lilitusaidia kwa bahati, na nilisema tunaweza kuweka alama kama hiyo kwa makusudi. Kabla faili la majina halijatoka ofisini, msimamizi anapandikiza humo mtu mmoja asiyekuwepo, mwenye jina la kipekee na namba ya simu inayoshikwa na ofisi yenyewe, na kila nakala inayotoka inapewa mtu wake. Tangazo likiingia kwenye namba ile likimwita kwa jina lile, unajua mara moja ni nakala ipi iliyovuja, ilitoka lini na alikabidhiwa nani. Wachora ramani wamewahi kuchora mitaa isiyokuwepo ili wawanase wanaonakili kazi zao, na mbinu ni hiyohiyo. Kwa kuwa laini sasa husajiliwa kwa alama za vidole, namba hizo itabidi zisajiliwe kwa jina la taasisi, jambo linalomlazimu bosi kujua na kuweka saini. Hilo kwangu ni faida, si usumbufu.

Mzee alinipinga. Alisema alama ya namna hiyo hukupa habari maji yakiwa yameshamwagika, na kwamba itawafanya wafanyakazi watazamane kwa macho mabaya. Yeye anataka tuanze kwa kukataa kutoa orodha nzima: ofisi ikihitaji kutuma jumbe, mfumo utume wenyewe bila faili kupita mkononi mwa mtu, na kanzidata za majaribio zijazwe majina ya kubuni, yakiwemo ya Kisukuma ya kutosha ili makosa yaonekane mapema. Kuhusu kipi kitangulie, nakubali kwamba mzee ana haki. Kuhusu macho mabaya sikubaliani naye, kwa sababu anayekabidhiwa majina na namba za watu elfu kadhaa anapaswa kuwa tayari kuulizwa amezipeleka wapi, na swali hilo halimvunjii heshima.

Kundi limefunguliwa, roboti imeondolewa, na anayetaka kuingia lazima adhaminiwe na mwanachama anayemfahamu kwa sura. Matangazo mawili matatu bado hupenya na hufutwa na mtu.

Ofisini kwangu nimeanza na njia ya mzee. Juzi niliombwa orodha ya wateja kwa ajili ya matangazo ya msimu, nikajibu kwamba jumbe zitatumwa na mfumo na faili halitatoka. Bosi amekubali kwa kampeni hii moja, na kwa zinazofuata ametaka nimweleze kwa maandishi gharama, muda na kifungu cha sheria ninachokitegemea. Waraka huo ninauandika sasa, na mzee ameahidi kuusoma kabla sijaupeleka.